Buibui mbwa-mwitu kwa anayeanza: kumtafuta, kumfuga, kumpiga picha na kumjua ni nani

Maswali ninayoulizwa na wanaoanza na buibui ni yaleyale. Nimemkuta buibui mkubwa wa kahawia anakimbia sakafuni, ni yupi huyu, ana sumu, anakula nini, nimemweka kwenye kopo tangu juzi mbona leo hatikisiki, na picha yenyewe inayotumwa ni doa jeusi tu, huoni kichwa wala mkia. Basi nimekaa nikaandika yote sehemu moja, ili ukiwa unaanza upitie hapa taratibu afu ndo uende ukamtafute wa kwako.

Kitu kimoja ukishike kabla hujagusa chochote: macho. Buibui mbwa-mwitu ana macho nane yaliyopangwa mistari mitatu. Chini kabisa, juu kidogo ya taya, kuna vimacho vinne vidogo vimejipanga mstari. Juu yake kuna mawili makubwa yanaangalia mbele kama taa za gari. Nyuma zaidi, juu ya kichwa, kuna mengine mawili ya wastani yanaangalia juu na pembeni. Manne, mawili, mawili. Ukiyaelewa haya macho utampata usiku kirahisi, utamtofautisha na wenzake, na utajua fokasi ya kamera uiweke wapi, kwa hiyo tutayarudia sana humu.

Nadharia nitakupa kidogo tu. Familia yao inaitwa Lycosidae, jina lenye asili ya neno la Kigiriki la mbwa-mwitu, na spishi zilizokwisha kuandikwa ni zaidi ya 2,400. Wengi hawafumi utando wa kunasia, wanawinda kwa miguu, wengi usiku na wengine mchana juani. Wapo wachache wanaotega kwa utando, mfano Hippasa wa Afrika na Asia. Na jina lisikudanganye ukadhani wanawinda kundi, kila mmoja anaishi peke yake, na ukiwaweka wawili boksi moja mmoja atamla mwenzake.

Sumu anayo, kama karibu buibui wote walivyo nayo, ila ni ya kulevya wadudu. Akikuuma utasikia maumivu, pengine uvimbe na wekundu, osha kwa sabuni na maji, weka kitu cha baridi. Ukiona unapumua kwa shida, unavimba uso, au kidonda kinazidi kupanuka, nenda hospitali usikae unasubiri. Na kuuma kwenyewe kunatokea mara nyingi akibanwa, kwenye nguo, kwenye kiatu au kwenye vidole vya mtu anayetaka kumshika. Kwa hiyo usimshike. Sikukatazi kwa ajili yako peke yako, huyu buibui anakimbia ghafla na tumbo lake ni laini sana, akianguka kutoka mkononi linaweza kupasuka na hapo hamna dawa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Boksi la plastiki angavu lenye kifuniko kinachokaza. Kwa buibui mwenye mwili wa sentimita 2, sakafu ya sentimita 15 kwa 20 inamtosha vizuri. Urefu wa kwenda juu hauna maana kwake, yeye ni wa ardhini.
- Udongo, kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) au udongo wa kawaida ambao una uhakika haujapigwa dawa ya wadudu wala mbolea.
- Kipande cha gome la mti au kigae cha chungu kilichovunjika, ndo patakuwa maficho yake.
- Kifuniko cha chupa kwa ajili ya maji, na vijiwe vidogo vya kuweka ndani yake.
- Chupa ya kupulizia maji, kibano kirefu, na brashi laini ya kuchorea.
- Kopo pana au gilasi angavu, na karatasi ngumu.
- Tochi ya kichwani.
- Bakuli jeupe, karatasi nyeupe nyembamba, rula ya milimita.
- Simu yenye makro (ya kupiga vitu vidogo kwa karibu), au lenzi ndogo ya kubana kwenye simu, au kamera yako kama unayo.
- Daftari. Watu wanaliruka hili afu baada ya miezi miwili hawakumbuki buibui alikula lini wala alijivua gamba lini.

Na chakula kiwepo tayari, uwe unajua nyenje au mende wadogo utawapata wapi kila wiki. Wasitoke jikoni kwako wala kwa jirani, mdudu aliyepita kwenye dawa ataua buibui wako ndani ya siku moja.

Hatua zenyewe

1. Jua kama unaruhusiwa. Kwenye hifadhi nyingi huruhusiwi kutoa kiumbe chochote nje, hata buibui. Na wapo mbwa-mwitu ambao ni adimu kweli: Hogna ingens anaishi kisiwa kimoja tu, Deserta Grande karibu na Madeira, na Adelocosa anops wa mapangoni kisiwa cha Kauai huko Hawaii analindwa na sheria ya Marekani. Huyu wa Kauai hana macho kabisa, ndo anayevunja ile kanuni yangu ya macho. Kwa mtu anayeanza, mchukue yule anayeonekana kwa wingi eneo lako na umchukue mmoja tu.

2. Andaa nyumba kabla ya mgeni. Usianze kwa kumkamata afu ndo ukimbie kutafuta boksi. Toboa vitundu pembeni na juu kwa sindano iliyopashwa moto, viwe vidogo kuliko kichwa chake, maana kichwa kikipita na mwili unapita. Weka udongo wa sentimita 5 mpaka 8, ushindilie kidogo kwa mkono ili akichimba shimo lisibomoke, na kama ni wale wachimbaji ongeza mpaka 10 au zaidi. Nusu ya udongo iwe na unyevu, nusu nyingine kavu, yeye atachagua. Udongo ukiubana mkononi maji yasichuruzike. Weka gome likiwa limelala imara, lisije likamwangukia akichimba chini yake.

Boksi likae kwenye kivuli, joto la nyuzi 20 mpaka 27 linawafaa wengi. Usiweke dirishani juani hata kwa nusu saa, plastiki iliyofungwa inachemka ndani haraka kuliko unavyodhani.

3. Mtafute usiku kwa macho yake. Hapa ndo pananifurahisha mimi kuliko pote. Nyuma ya macho yao kuna tabaka linalorudisha mwanga, kama la paka. Vaa tochi kichwani, au ishike kando ya jicho lako, isiwe kiunoni, maana mwanga unarudi ulikotokea na jicho lako likiwa mbali na tochi hutaona kitu. Mulika nyasi fupi, kingo za njia, majani makavu. Utaona vinukta vinang'aa kijani au buluu-nyeupe. Umande nao unameta, lakini ukisogea hatua mbili tone la umande linazimika au linageuka rangi, la buibui linabaki palepale linakutazama. Nenda polepole bila kuhamisha mwanga mpaka umfikie. Mara ya kwanza watu wengi wanashtuka jinsi walivyo wengi kwenye uwanja waliokuwa wanapita kila siku.

Wa mchana, hasa wale wadogo wa kundi la Pardosa, watafute palipopigwa jua, kwenye majani makavu au ukingoni mwa maji.

4. Mkamate bila kumbana. Mfunike na kopo kutoka juu, taratibu, uhakikishe hakuna mguu uliobaki ukingoni. Pitisha karatasi ngumu chini, pindua. Au laza kopo mbele yake afu mguse nyuma kwa brashi, atakimbilia ndani mwenyewe. Kibano ni cha chakula na uchafu, usimshike nacho buibui kamwe.

Ukikuta mama amebeba watoto mgongoni, muache alipo. Ukimvuruga watoto wanamwagika chini na wengine hawatarudi. Mpige picha hapohapo uondoke.

5. Muache atulie siku mbili tatu. Umeshamweka ndani, sasa ondoka. Hii ndo hatua inayowashinda watu, kila saa wanafungua kifuniko kuangalia. Atakaa kona moja, atajificha, atachimba, hataonekana, na hayo yote ni sawa. Maji yawepo tangu siku ya kwanza, chakula kisubiri.

6. Lisha kidogo. Mdudu mmoja mara mbili kwa wiki kwa mkubwa, wadogo kila baada ya siku mbili. Saizi ya mdudu isizidi mwili wa buibui bila miguu, na ukiwa na shaka chagua mdogo zaidi. Wape vya kubadilisha: nyenje, mende wadogo, nzi, nondo, viwavi vya unga. Viwavi vya unga vinajichimbia kwenye udongo, hivyo viponde kichwa au mpe kwa kibano mbele yake.

Asipokula mpaka kesho yake, toa huyo mdudu. Nasisitiza hili kwa sababu limenigharimu. Nilikuwa na jike mkubwa, nikamwachia nyenje usiku nikalala, kumbe yuko katikati ya kujivua gamba, asubuhi nakuta nyenje amemtafuna tumbo. Nyenje mwenye njaa anakula chochote kilicholala.

Kipimo cha shibe ni tumbo. Likiwa pana kidogo kuliko kifua, yuko sawa. Likiwa limenyauka, mlishe. Likiwa limetanuka linang'aa kama puto, pumzika kumlisha wiki nzima, maana tumbo la hivyo likiburuzwa kwenye jiwe linachanika.

7. Maji kila siku yawepo. Kifuniko cha chupa chenye vijiwe, ili asizame yeye wala nyenje. Pulizia kona moja ya boksi mara mbili kwa wiki, usimpulizie yeye. Usiweke sponji wala pamba kwenye maji, vinaoza na kuleta ukungu. Ukiwa na muda wa jambo moja tu kwa siku, angalia maji, anaweza kukaa wiki kadhaa bila chakula lakini kiu inamuua mapema.

8. Akikataa kula, fikiria gamba kwanza. Buibui anayekua anajivua gamba mara kadhaa mpaka awe mtu mzima, akishakomaa hajivui tena. Dalili zake: anagoma kula siku kadhaa au wiki, tumbo linakuwa jeusi, anajifungia shimoni kwa utando au anatandika zulia la utando na kulala juu yake. Ukimkuta ametulia hivyo, pengine miguu iko juu, usimguse, usimgeuze, usimpulizie. Wengi wametupwa jalalani wakiwa wazima kwa sababu mwenye boksi alidhani wamekufa. Akimaliza, subiri siku 4 mpaka 7 ndo umlishe, meno yake bado laini. Lile gamba lihifadhi, liweke kwenye karatasi lenye tarehe, maana macho yanaonekana vizuri kwenye gamba ukilitazama kwa lenzi na litakusaidia kumtambua.

9. Piga picha zinazojibu swali. Picha nzuri ya ukutani na picha ya kumtambua ni vitu viwili tofauti. Kumtambua kunataka hizi, zote za buibui yuleyule:

Ya kwanza kutoka juu kabisa, kamera ikiwa sambamba na mgongo, miguu yote nane iwe ndani ya fremu na mpangilio wa rangi za kifua na tumbo uonekane. Ya pili usoni, kamera ishuke mpaka usawa wa macho yake, ulale chini kama inabidi, hiyo ndo picha moja inayomaliza ubishi mwingi kuliko zote. Ya tatu pembeni. Ya nne tumboni upande wa chini. Ya tano akiwa karibu na rula, na kumbuka urefu wa buibui unapimwa kuanzia mbele ya kichwa hadi mwisho wa tumbo, miguu haihesabiwi. Watu wanaandika "sentimita 8" kumbe mwili ni 2.

Sasa utampigaje na anakimbia? Mweke kwenye bakuli jeupe. Atazunguka zunguka. Mfunike na kifuniko kidogo cha giza, subiri dakika tano mpaka kumi, jiandae na kamera, afu nyanyua kifuniko polepole. Mara nyingi atabaki ametulia na miguu ameipanga vizuri, una sekunde chache au dakika nzima. Wapo wanaoshauri kumweka kwenye friji ili apoe atulie, mimi sikubaliani nalo, unamdhoofisha, na picha yenyewe inatoka miguu imejikunja kama mgonjwa.

Ya tumboni, mwache atembee juu ya kioo safi au kwenye kopo angavu, wewe piga kutoka chini. Usimkandamize.

Mwanga ndo kila kitu. Flashi ya moja kwa moja inatia vidoa vyeupe kwenye gamba lake na nywele zote zinapotea. Weka karatasi nyeupe nyembamba kati ya taa na buibui, ikae karibu naye kadiri inavyowezekana, utaona tofauti palepale. Kwa simu: usitumie zumu ya kidijitali, sogea mpaka fokasi inakataa afu rudi nyuma kidogo, gusa jicho kwenye skrini, piga nyingi mfululizo, kati ya 30 ukipata 2 kali umefanikiwa. Kwa kamera yenye lenzi ya makro: anza na f/8 mpaka f/11, sekunde 1/200, ISO 100 mpaka 400, flashi yenye karatasi, fokasi iweke ya mkono na usogee wewe mwili mbele na nyuma mpaka macho makubwa mawili yawe makali. Macho yakiwa makali na tumbo limefifia, picha inafaa. Kinyume chake haifai kitu.

Ukitaka yale macho yang'ae kwenye picha, washa taa ya simu iliyo kando ya lenzi na upige gizani. Ni picha nzuri sana kumwonyesha mtu anayeogopa buibui.

Kwenye kuhariri usikoleze rangi. Ukimgeuza wa kijivu akawa wa machungwa, anayejaribu kukusaidia unampoteza.

10. Mtambue kwa ngazi, usiruke. Kwanza jiulize kama kweli ni mbwa-mwitu, na hapo unarudi kwenye macho.

Macho manane mistari miwili yanayokaribiana ukubwa, na jike amebeba kifuko cha mayai kwa taya chini ya kifua, huyo ni wa familia ya Pisauridae. Mbwa-mwitu anakibeba nyuma, kimebandikwa mwisho wa tumbo pale anapotolea utando. Buibui bapa aliyetandaza miguu kama kaa ukutani ni Sparassidae. Anayekaa mdomoni mwa utando wenye umbo la faneli, macho madogo yanalingana, mara nyingi ni Agelenidae, ila kumbuka Hippasa niliyemtaja. Mpangilio wa mawili, manne, mawili ni Ctenidae, na ukiwa Amerika ya Kusini au ya Kati kaa mbali naye, humo ndo kuna Phoneutria mwenye sumu kali. Buibui anayeruka naye anaweza kukuchanganya maana ana mawili makubwa sana, lakini yake makubwa yako kwenye mstari wa mbele kabisa, wakati ya mbwa-mwitu yako mstari wa pili. Na yule wa kahawia mwenye macho sita tu, yamekaa mawili mawili sehemu tatu, ni Loxosceles, anaweza kusababisha kidonda kibaya. Hivyo usimkaribie uso ili uhesabu macho, piga picha kutoka mbali ukuze kwenye skrini.

Ukishajua ni Lycosidae, angalia kifua na makazi. Mdogo wa milimita chini ya 10, miguu myembamba yenye miiba mirefu, anakimbia juani: mara nyingi Pardosa. Anakaa ukingoni mwa maji na kifuani ana alama ya V ndani ya mstari mpauko: Pirata au jamaa zake. Mstari mpauko kifuani wenye vistari viwili vyeusi vifupi ndani yake upande wa mbele: Trochosa. Madoadoa ya rangi ya mchanga mpaka humuoni asipotembea: Arctosa. Mkubwa mzito wa kahawia na kijivu anaweza kuwa Hogna au Lycosa, na hapo wengi wetu tunaishia.

Kuishia hapo si aibu. Spishi nyingi zinatenganishwa kwa viungo vya uzazi tu vilivyotazamwa kwa hadubini: kwa jike ni kile kibamba kigumu chini ya tumbo kinachoitwa epigini, kwa dume ni ncha za vipapasio, vile viguu viwili vifupi vya mbele kando ya mdomo. Andika "Lycosidae" au "Pardosa" ukasimama hapo, hilo ni jibu sahihi kuliko jina zima la kubahatisha. Programu ya simu ikikupa jina la spishi kwa picha moja, angalia kwanza kama hiyo spishi inaishi bara lako. Tovuti ya World Spider Catalog inakuonyesha kila spishi imeandikwa nchi zipi, ni bure, na inaondoa makosa mengi ndani ya dakika moja.

Dume aliyekomaa utamjua kwa ncha za vipapasio zilizovimba kama glavu za ndondi, mwili mwembamba, miguu mirefu. Zikiwa zimevimba lakini laini hazina michoro, bado gamba moja akomae.

11. Akitaga. Jike uliyemkamata mkubwa anaweza kutaga hata kama yuko peke yake miezi kadhaa, alishapandwa huko nje na anahifadhi mbegu. Atasokota kifuko cha mviringo na kukiburuza kila aendako. Hapo punguza usumbufu kabisa, maji yawepo, chakula kidogo kidogo. Usikitoe kifuko ukione. Jike aliyenyang'anywa anakitafuta, na anaweza kubandika hata kijikaratasi cha duara akabeba badala yake, ndo ujue anavyokijali.

Baada ya wiki kadhaa kulingana na joto, mama anakichana kwa meno na watoto wanapanda mgongoni, kwa spishi kubwa wanaweza kuzidi mia. Watakaa juu pale wiki moja hivi au zaidi wakiishi kwa akiba ya kiini cha yai. Hiyo ndo picha ambayo kila mtu anaitaka, ipige kwa umbali, bila kufungua kifuniko kama plastiki ni safi. Wakianza kushuka wenyewe una siku chache za kuamua: wabakishe watano au sita, kila mmoja kikopo chake, uwalishe vinzi vya matunda, na wengine wapeleke palepale ulipomtoa mama yao. Usijaribu kuwafuga wote mia.

Mambo yakienda vibaya

*Miguu imejikunja chini ya mwili.* Miguu ya buibui inanyooka kwa msukumo wa maji ya mwilini, kwa hiyo kiu inaikunja. Mweke kwenye kikopo juu ya tishu yenye maji, mdomo uguse unyevu, tumbo libaki juu maana mapafu yako chini ya tumbo upande wa mbele. Subiri saa kadhaa. Nimeona waliorudi. Akiwa dume mzee au jike wa mwaka wa pili, mara nyingi ni umri tu.

*Dume hali, anazunguka kuta usiku kucha.* Amekomaa, anatafuta jike. Hataishi muda mrefu iwe ndani au nje, mrudishe ulipomtoa akamalizie kazi yake.

*Amepoteza mguu.* Kama bado anakua, utaota tena, kwanza mfupi afu unarefuka kila gamba. Mpe wadudu wadogo. Tumbo likivuja ni jambo lingine, hapo nafasi yake ni ndogo sana.

*Ukungu mweupe kwenye udongo.* Unyevu umezidi au kuna mabaki ya chakula. Toa mabaki, ongeza vitundu, pumzika kupulizia. Ukiona vidudu vyeupe vidogo vinatembea kwa wingi juu ya buibui mwenyewe, mhamishe kwenye boksi jipya lenye udongo mpya siku hiyohiyo.

*Mnyoo au funza ametoka tumboni.* Buibui wa porini huwa wanabeba vimelea tangu huko nje, hujafanya kosa. Hawezi kupona. Boksi lioshe kwa maji ya moto kabla hujalitumia tena.

*Anapanda kuta za plastiki.* Mbwa-mwitu hashiki plastiki safi, akipanda ujue anapandia nyuzi zake mwenyewe au uchafu. Futa kuta kwa kitambaa chenye maji matupu, bila sabuni yenye harufu.

*Ametoroka.* Zima taa zote za chumba, vaa tochi kichwani, lala chini mulika sakafu ukianzia kwenye kuta. Utayaona macho.